Maelezo ya zana yanavyoamua ujumbe wa akili unde utafika wapi

UKUNDA ni mji wa Kaunti ya Kwale ulio kando ya barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, na ndio lango la hoteli za ufuo wa Diani. Kazi ya hoteli hutegemea ujumbe: mapokezi huwaarifu wapishi, nao madereva huarifiwa saa ya kumpokea mgeni katika uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda.

Ujumbe wa aina hiyo sasa waweza kutumwa na wakala wa akili unde, yaani programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida na kuamua yenyewe hatua za kulitekeleza. Wakala huyo huunganishwa na huduma za mawasiliano kama vile WhatsApp, Slack au Microsoft Teams, kisha hupewa zana: ya kutafuta mfanyakazi, ya kusoma mazungumzo, ya kutuma ujumbe na ya kuufuta.

Wakala haoni jinsi zana ilivyoundwa ndani. Kimsingi huona mambo matatu: jina la zana, maelezo yake, na orodha ya taarifa inazohitaji. Huo ndio mpangilio wa itifaki ya Model Context Protocol, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic ya Marekani mnamo Novemba 2024. Maelezo yakiwa na utata, wakala hubahatisha.

Hatari ya maelezo mafupi

Tuchukue mfano wa kubuni wa hoteli moja Diani. Meneja anaagiza: “Mjulishe mpishi mkuu kwamba mgeni wa chumba cha 14 ana mzio wa njugu.” Wakala ana zana mbili. Ya kwanza imeelezwa kuwa “Hutuma ujumbe” na ya pili “Hutuma taarifa”. Hakuna neno linaloonyesha kwamba ya pili huwafikia wafanyakazi wote.

Wakala akichagua ya pili, habari za afya ya mgeni zitasomwa na watu wasiohusika, na huenda mpishi asizione miongoni mwa matangazo mengine. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni miongoni mwa data nyeti. Zaidi ya hayo, mgeni aweza kuandaliwa chakula kitakachomdhuru.

Mambo ya kueleza

Maelezo mazuri hutaja kazi ya zana, wakati wa kuitumia, wakati wa kutoitumia, taarifa zinazohitajika, na matokeo. Zana ile ya kwanza ingeelezwa hivi:

“Hutuma ujumbe kwa mfanyakazi mmoja tu. Itumie pale mtumiaji anapotaja mtu au cheo chake. Usiitumie kwa matangazo ya hoteli nzima. Huhitaji nambari ya utambulisho ya mpokeaji, wala si jina lake. Ipate kwanza kwa zana ya kutafuta wafanyakazi. Iwapo watu wawili wana jina moja, muulize mtumiaji kabla ya kutuma.”

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito katika eneo ambako akina Hamisi na Mwanaisha ni wengi. Slack, kwa mfano, humtambua kila mtumiaji kwa mfuatano wa herufi na nambari. Asipoambiwa mfuatano huo hupatikana wapi, wakala aweza kuubuni.

Suala la saa

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. “Kesho saa mbili asubuhi” ni 08:00, lakini modeli iliyofunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza yaweza kuandika 02:00, na dereva akapata ujumbe wake saa nane za usiku.

Aidha, zana ya Slack ya kupanga ujumbe wa baadaye hupokea wakati kama idadi ya sekunde tangu Januari 1, 1970, kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa 3. Kwa hivyo 08:00 ya Ukunda ni 05:00 ya kimataifa. Maelezo yanapaswa kutaja mabadiliko yote mawili, yakiambatana na mfano mmoja, na kumtaka wakala aulize pale mtumiaji asiposema kama ni asubuhi au usiku.

Matokeo na mipaka

Maelezo pia yaonyeshe kile ambacho zana hurudisha na maana yake. Jibu kwamba ujumbe “umetumwa” halimaanishi kwamba umesomwa. Asipofafanuliwa hilo, wakala aweza kumhakikishia meneja kwamba mpishi ana habari, ilhali simu ya mpishi imezimwa.

Hata hivyo, maelezo pekee hayatoshi kuzuia madhara. Vitendo vya kufuta ujumbe au kutangazia hoteli nzima vinafaa kusubiri idhini ya binadamu, na kizuizi hicho kiwekwe ndani ya programu yenyewe badala ya kuachiwa hiari ya wakala.

Kabla ya zana kuanza kutumika, maelezo yake yajaribiwe kwa maagizo jinsi wafanyakazi wanavyoyatamka: mafupi, yenye majina ya utani, na pengine yaliyochanganya Kiswahili na Kidigo. Kila wakala anapochagua zana isiyofaa, yasomwe upya maelezo ya zana zote mbili, ile aliyoichagua na ile aliyoiacha. Aghalabu itaonekana kwamba mtu asiyeijua hoteli hiyo, akipewa maelezo hayo hayo, naye angekosea vivyo hivyo.