MCAS

MCAS ni mtihani wa jimbo zima unaofanywa na wanafunzi wa shule za umma za Massachusetts, Marekani. Chimbuko lake ni sheria ya marekebisho ya elimu ya mwaka 1993, iliyoongezea shule fedha za jimbo na kudai viwango vya masomo vya pamoja. Ulianza kufanywa mwaka 1998. Hupima Kiingereza na hisabati kuanzia darasa la 3 hadi la 8 na katika darasa la 10; sayansi hupimwa katika baadhi ya madarasa.

Kuanzia wahitimu wa 2003, asiyefaulu mtihani wa darasa la 10 alinyimwa cheti cha sekondari, ingawa aliruhusiwa kuurudia. Sharti hilo liliwaumiza zaidi wanafunzi wenye ulemavu na wahamiaji waliokuwa bado wakijifunza Kiingereza, na ni haki kwamba lilipingwa kwa muda mrefu. Wapiga kura walilifuta Novemba 2024. Mtihani wenyewe ungalipo, kwani sheria ya shirikisho inadai upimaji wa kila mwaka. Viwango navyo hupitiwa upya. Vya Kiingereza na hisabati vilirekebishwa mwaka 2017.