Mkono wa Goltzius, Mgongo wa Hercules

Hendrick Goltzius aliangukia moto akiwa mtoto mdogo. Alizaliwa mwaka 1558 karibu na Venlo, kwenye mpaka wa leo wa Uholanzi na Ujerumani, na mkono wake wa kulia ulipona ukiwa umekunjamana, vidole visiweze tena kunyooka sawasawa. Mkono huohuo ndio uliokuja kuchonga visa vya miungu ya Kigiriki kwenye mabamba ya shaba nyekundu kwa ustadi ambao mimi sijauona kwa mwingine.

Anayechonga shaba hahitaji kiganja kilichokunjuka. Chombo chake ni kichuma chenye ncha kali na mpini wa mti. Mpini hukaa ndani ya kiganja, nguvu ya kuusukuma hutoka begani. Mkono wa kushoto huligeuza bamba taratibu juu ya kimto, na mstari hupinda. Akikandamiza, mfereji hupanuka. Akilegeza, hubaki mwembamba kama unywele. Bamba hupakwa wino, kisha hufutwa, na wino uliosalia kwenye mifereji huhamia kwenye karatasi yenye unyevu chini ya mashine. Mstari wa Goltzius unaovimba na kusinyaa ndio unaojaza misuli kwenye picha zake nne za duara za mwaka 1588, ambamo Tantalus, Icarus, Phaethon na Ixion wanaporomoka, miguu juu, kwa kuvuka mipaka waliyowekewa na miungu. Michoro ya awali ilikuwa ya rafiki yake Cornelis wa Haarlem. Uzito wa miili ni wa Goltzius.

Mwaka 1590 aliondoka Haarlem kwenda kuiona miungu hiyo katika mawe. Karel van Mander, aliyemfahamu vizuri, anasimulia kwamba alisafiri kwa kujificha: mtumishi wake alijifanya bwana, naye akajifanya mtumishi, akisikiliza wenyeji wakizijadili kazi zake bila kujua wako mbele ya nani. Alipita Hamburg, Munich, Venice na Florence, akafika Roma mapema 1591. Mji ulikuwa na njaa na maradhi, watu wakifia barabarani. Yeye akaendelea kuchora sanamu za kale.

Iliyomshika zaidi, naamini, ni Hercules wa jumba la Farnese, jitu la marumaru lenye urefu wa zaidi ya mita tatu, lililofukuliwa kwenye magofu ya mabafu ya Caracalla katika miaka ya 1540. Mbele, shujaa ameegemea rungu, kachoka. Goltzius alizunguka nyuma.

Kwenye picha yake, wanaume wawili wadogo chini wanautazama uso wa sanamu. Sisi tumepewa mgongo, mistari ikizunguka kila msuli. Na mgongoni kuna kitu wale wawili hawakioni: mkono wa kulia wa Hercules, umefumbata matofaa ya dhahabu ya Hesperides, aliyotumwa kuyaleta katika mojawapo ya kazi zake ngumu. Siwezi kuamini kwamba mtu mwenye mkono kama wa Goltzius alichagua upande huo kwa bahati tu. Bamba alilichonga mnamo 1592, lakini picha ilitolewa 1617, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki tarehe 1 Januari.