Vipima gesi visivyo na betri: msafirishaji ajue nini

Kifaa cha mfukoni cha kugundua gesi kina udhaifu ambao kila dereva anaujua: betri. Ikiisha njiani, umebeba pambo. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza vihisi vya utando mwembamba, unaokunjika kama karatasi ya nailoni na unaojizalishia umeme.

Msingi wake ni umemetuamo, ule unaolifanya shati la nailoni litatarike ukilivua. Mwaka 2012 Zhong Lin Wang na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kuwa tando mbili za aina tofauti zikigusana na kuachana, chaji huhama na umeme hupita kwenye waya. Mtikisiko wa gari, upepo, hata hatua za mtu, vyatosha. Mwaka 2013 mbinu hiyo ilitumika kugundua zebaki ndani ya maji. Kwa upande wa gesi, utando hupakwa polima kama polianilini, ambayo ikikutana na amonia huzidi kuzuia umeme. Voltaji hubadilika, na badiliko hilo ndilo kipimo.

Amonia tumeitaja kwa makusudi. Hupoza majokofu makubwa ya viwandani, hutengeneza mbolea, na husafirishwa kwa matanki. Tarehe 24 Machi 1992 tanki la amonia lilipasuka katika kiwanda cha karanga mjini Dakar, Senegal, wakafa watu 129. Marekani, taasisi ya usalama kazini NIOSH inapendekeza mfanyakazi asizidishiwe sehemu 25 kwa milioni kwa siku ya kazi; zikifika 300 ni hatari kwa uhai. Na pua si ya kuaminika, kwani huizoea harufu.

Sasa kasoro. Hewa yenye unyevu huvujisha chaji, hivyo utando uliofanya vizuri katika maabara kavu unaweza kudanganya Mombasa au Dar es Salaam. Kubwa zaidi kwa wasomaji wetu ni foleni ya mpakani: lori likisimama siku mbili, mtikisiko hakuna, umeme hakuna, na uvujaji hausubiri. Itabidi umeme uwekwe akiba mahali, na hapo tunarudi kwenye betri tuliyoikimbia.

Ukiletewa kifaa cha namna hii, mwulize muuzaji kinagundua gesi ipi, kimejaribiwa kwenye unyevu wa kiasi gani, na cheti cha uhakiki wa vipimo kiko wapi. Asipokuwa na majibu, baki na kile cha betri kilichohakikiwa, na ukichaji kabla ya safari.