Njia panda isiyo na taa: nani ampishe mwenziwe?

Majuzi nilikuwa ndani ya tuktuk mtaani Majengo, Mombasa. Tukafika njia panda isiyo na taa, kibao wala askari. Kutoka kulia likaja gari dogo. Dereva wetu aliliona, na mwenye gari alituona, lakini kila mmoja alidhani mwenziwe atasimama. Mama niliyeketi naye alivunjika mkono. Madereva walishuka wakigombana, kila mmoja akisema, "Njia ilikuwa yangu." Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Basi, ndugu zangu, tukumbushane.

Kwanza, barabara ndogo huipisha kubwa. Ukitoka mtaani kuingia barabara kuu, simama hata kama hakuna kibao.

Pili, barabara zikiwa sawa, mpishe anayetoka kulia kwako. Sisi twaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo gari la kulia ndilo linalokukatia njia mwanzo. Kwa kanuni hii, tuktuk yetu ndiyo iliyopaswa kusimama.

Tatu, kwenye raundabauti aliyekwisha kuingia ndiye mwenye njia. Wewe unayeingia ngojea wanaotoka kulia.

Nne, ukitaka kukata kulia, mwache kwanza apite anayekuja mbele yako akienda moja kwa moja.

Tano, aliye kwenye zebra kwa miguu apishwe. Ambulensi au zimamoto ikipiga king'ora, sogea kando. Na askari wa trafiki akiwapo, fuata mkono wake, hata taa ikisema vingine.

Sasa yale tuliyoyazoea ambayo si kanuni. Kupiga honi hakukupi njia. Kuwasha taa kubwa pia hakukupi. Huyu huelewa "pita", yule huelewa "napita mimi". Ukubwa wa matatu si haki, wala wembamba wa bodaboda si ruhusa ya kujipenyeza.

Nami naongeza hili: haki ya njia hupewa, hainyang'anywi. Hata ukijua ni yako, punguza mwendo, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na hakikisha mwenzio amesimama kweli. Yule mama hakuwa ameshika usukani, na ndiye aliyekwenda nyumbani na plasta mkononi.