Udahili wa wanamichezo katika vyuo vikuu vya Marekani
Udahili wa wanamichezo ni utaratibu wa vyuo vikuu vya Marekani ambapo kocha wa chuo huteua wanafunzi wa sekondari wenye kipaji cha michezo na kuwapendekeza kwa ofisi ya udahili. Vyuo 8 vya Ivy League havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, lakini pendekezo la kocha lina uzito mkubwa. Kesi dhidi ya Harvard iliyosikilizwa mwaka 2018 ilionyesha kuwa takriban asilimia 86 ya wanamichezo walioteuliwa walikubaliwa. Kwa waombaji wote kiwango kilikuwa chini ya asilimia 10. Wengi hudhani wanaonufaika ni wachezaji wa mpira wa kikapu, kumbe wamo pia wapiga makasia na wacheza tenisi, michezo inayopatikana zaidi katika shule za wenye uwezo. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba wazazi matajiri walilipa hongo ili watoto wao waandikishwe kama wanamichezo, baadhi yao bila kuucheza mchezo husika. Makocha wa Yale na Georgetown walikuwa miongoni mwa waliokiri makosa mahakamani.