Chuo Gani cha Usanifu Majengo? Tuiulize Historia

Wenzetu wanaotaka kusomea usanifu majengo huanza kwa kulinganisha ada na majina ya vyuo. Ni haki yao. Lakini sisi, vijana wa Kiswahili tuliokulia Maskati, tunayo historia inayoweza kutusaidia kuchagua.

Zamani chuo kilikuwa kazini. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa na mafundi waliorithishana ujuzi wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti hizo zilipakiwa majahazini hadi Ghuba, na urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba huko na huku. Mafundi wa Oman nao walichoma udongo wakapata saruji ya kujengea ngome na mifereji ya falaji. Neno hilo tunalo mpaka leo.

Elimu ya ujenzi ilipohamia darasani, aliyeitaka alivuka bahari. Anthony Almeida wa Dar es Salaam alisomea Bombay. Beda Amuli, naye Mtanganyika, alisomea Haifa, kisha akasanifu Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975. Miavuli yake ya zege inatia kivuli na kuacha upepo upite. Mohamed Makiya wa Baghdad alisomea Liverpool. Mwaka 1959 akaanzisha idara ya usanifu katika mji wake, na baadaye alishiriki kusanifu Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos hapa Maskati, uliofunguliwa 2001. Wote walisoma ugenini, lakini waliporudi walilisoma upya jua la kwao.

Oman ya 1970 ilikuwa na skuli tatu tu. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa 1986. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kijerumani, GUtech, kwa ushirikiano na RWTH Aachen, nacho kinafundisha mipango miji na usanifu pale Halban. Mwaka huohuo, Dar es Salaam, Ardhi ikawa chuo kikuu kamili. Babu zetu hawakuwa na cha kuchagua, sisi tunacho.

Basi tuchague kwa kigezo kipi? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jumba kama hilo linahitaji msanifu anayejua hesabu za zege na pia tabia ya chokaa na boriti. Mtu huyo hapatikani kwa bahati, lazima afundishwe.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, tuulize mambo manne. Je, wizara ya elimu ya juu inakitambua chuo hicho? Wanafunzi hutoka kwenda kupima majumba ya zamani, au huchora darasani tu? Walimu wamewahi kujenga katika joto na unyevu kama wa kwetu? Na matengenezo ya majengo ya kale ni somo, au hutajwa kwa kupita?

Chuo kinachojibu vizuri, kiwe Halban, Dar es Salaam au Ulaya, kinastahili miaka yetu. Kisichojibu, hata kama jina lake ni kubwa, kitatupa shahada tu, na kuta za wazee wetu zitaendelea kungoja.