Darubini ya uani, Zagayu

Darubini ya uani ni darubini ya nyota inayobebwa na mtu mmoja au wawili: hutolewa nje giza likiingia, ikarudishwa ndani kabla ya umande. Makala hii inahusu aina zake na namna ya kuichagua kwa mtu wa Zagayu, kata ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, iliyokuwa chini ya Bariadi kabla ya mgawanyo wa 2012. Mahali panabadilisha uchaguzi. Zagayu iko takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta, ilhali vitabu vingi vya watazama nyota viliandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, na ushauri uliowafaa wao unaweza kumla mtu wa Itilima fedha zake bure.

Anga la hapa halifichi karibu chochote. Nyota huchomoza zikapanda wima, na kutua wima vilevile. Kuanzia Aprili hadi Juni, saa mbili tatu za usiku, Msalaba wa Kusini husimama upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, kila mmoja kwa kimo cha nyuzi 30 hivi. Sayari nazo hupita juu sana mwaka mzima, na hilo ni neema, kwa maana hewa ya karibu na upeo hutetemesha picha kama joto juu ya barabara ya lami. Taa ni chache. Usiku wa kiangazi, Njia Nyeupe hukatiza juu ya paa kwa mng'ao ambao mkazi wa Dar es Salaam hawezi kuuona akiwa kwake.

Darubini ya lenzi ndiyo ya zamani zaidi. Ilijulikana Uholanzi mwaka 1608, na Januari 1610 Galileo aliitumia kuona miezi minne ya Mshtarii. Bomba lake limefungwa pande zote, vumbi haliingii, na haidai marekebisho. Yenye kipenyo cha milimita 70 huonyesha mashimo ya mwezi, miezi ileile minne na pete za Zohali. Kasoro yake ni kwamba bei hupanda upesi kipenyo kikiongezeka, na zile za bei nafuu huacha ukingo wa zambarau kuzunguka vitu ving'aavyo. Mnunuzi asidanganywe na boksi linaloahidi kukuza mara 525. Kikomo cha ukuzaji wenye maana ni kama mara mbili ya milimita za kipenyo, yaani mara 140 kwa darubini hii. Ukipita hapo unakuza ukungu tu.

Darubini ya kioo, aliyoibuni Isaac Newton mwaka 1668, hukusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea chini ya bomba. Kioo ni rahisi kutengeneza kuliko lenzi ya ukubwa huohuo, kwa hiyo fedha ileile hununua kipenyo kikubwa zaidi. Kioo cha milimita 150 hupokea mwanga mara 4.6 ya lenzi ya 70. Tofauti hiyo huonekana wazi ukielekeza kwenye Omega Centauri, fungu la nyota la kusini: kwa lenzi ndogo ni doa la moshi, kwa kioo ni chembe chembe, kama unga wa mtama uliomwagika juu ya kitambaa cheusi.

Aina ya tatu huchanganya lenzi na vioo ndani ya bomba fupi lililofungwa. Ni nzuri kwa mwezi na sayari, lakini ni ghali, na mara nyingi huja na mota inayohitaji betri.

Hata hivyo, kinachoamua mengi Zagayu ni kisimamio. Kisimamio cha kiikweta, kinachosifiwa sana vitabuni, hutaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga. Kwa Zagayu ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, nyuma ya miembe, ua na vumbi. Nyota ya Kaskazini, inayowaongoza Wazungu, iko chini ya upeo, na ile ya kusini inayokaribia ncha ni hafifu mno kuonekana kwa kimo hicho. Isitoshe, vingi vya visimamio hivyo havilali hadi nyuzi 3, na ukilazimisha, uzito wa kusawazisha hugonga mguu.

Kwa hiyo chaguo la kwanza ni kioo cha milimita 150 juu ya kisanduku cha Dobson. John Dobson alianza kukieneza San Francisco miaka ya 1960: boksi la mbao linalozunguka juu ya ubao, bomba likiinuka na kushuka kwa mkono. Fundi seremala wa Bariadi anaweza kulitengeneza kwa plaiwudi. Kinachobaki cha kununua ni vioo na lenzi ya jicho. Umeme hauhitajiki. Udhaifu wake uko utosini, ambako boksi hugoma kugeuka, na ndiko hasa nebula ya Jabari hupita, chini ya nyuzi 3 kutoka utosi wa Zagayu. Dawa yake ni kuitazama saa mbili kabla au baada, kwa sababu anga husogea nyuzi 15 kila saa.

Vioo hupoteza mpangilio vikisafiri kwa bodaboda. Skrubu tatu nyuma ya kioo huvirudisha, na mtoto wa sekondari hujifunza kazi hiyo kwa jioni moja. Vumbi jembamba liachwe, maana kitambaa hukwaruza. Darubini isielekezwe kwenye jua kamwe, na kichujio cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupwe: joto hukipasua, na jicho haliponi.

Asiye na uwezo wa kununua hayo yote aanze na darubini ya macho mawili ya 7x50 au 10x50. Kuna kitu kimoja ambacho inakionyesha vizuri kuliko kioo kikubwa, nacho ni Kilimia, fungu la nyota lenye jina linalotokana na kulima, ambalo Novemba huchomoza mashariki jua linapotua. Lina upana unaokaribia nyuzi 2. Kioo cha 150 huonyesha nyuzi 1 tu kwa mara moja na kulikata vipande. Darubini ya macho mawili hulionyesha zima.